Vaginosisi ya bakteria: kipimo kabla ya IVF kisomwe kwenye slaidi

Wanawake wengi wanaojiandaa kwa IVF (kurutubisha yai nje ya mwili) hurudi na majibu ya maabara yaliyoandikwa "Gardnerella imeota". Jibu hilo peke yake halitoshi. Bakteria huyo, Gardnerella vaginalis, huishi hata kwenye uke wenye afya, kwa hiyo kuiotesha hakuthibitishi vaginosisi, yaani kuvurugika kwa uwiano wa bakteria ukeni. Tunachotafuta ni uwiano: laktobasila wanaotengeneza asidi ya laktiki wamepungua kiasi gani, na bakteria wengine wamewazidi kiasi gani. Hilo huonekana kwenye slaidi (kipande cha kioo chenye sampuli), chini ya hadubini. Kungoja dalili nako hakufai, maana takriban nusu ya wenye hali hii hawana shombo wala majimaji ya kutia shaka.

Kipimo huharibika zaidi wakati wa kuchukua sampuli. Ichukuliwe kabla ya sindano za kukuza mayai, hedhi ikiwa imekwisha, na mama awe hajajamiiana kwa siku mbili. Damu na shahawa hupandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) hata pasipo tatizo lolote. Msingoje wiki ya kupandikiza kiinitete: projesteroni, homoni ya kuweka ukeni, huacha mabaki meupe yanayofunika slaidi. Spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, ilowanishwe kwa maji, si jeli. Swabu (kijiti chenye pamba) izungushwe kwenye ukuta wa pembeni, sehemu ya juu ya uke, bila kugusa mlango wa kizazi, kwa sababu ute wa pale si wa asidi. Kisha iviringishwe juu ya slaidi, isisuguliwe, tabaka liwe jembamba, likauke kwa hewa.

Kwenye rangi ya Gram, inayotenganisha bakteria kwa zambarau na pinki, hatua ya kuondoa rangi ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Asetoni ikizidi sekunde chache, laktobasila waliopaswa kubaki zambarau hugeuka pinki na kuhesabiwa kundi lisilo lao. Mwanamke asiye na ugonjwa anaandikiwa dawa bure.

Slaidi husomwa kwa ukuzaji wa mara 1000, kwa alama za Nugent za mwaka 1991. Laktobasila wakiwa tele ni 0, wasipokuwepo ni 4. Vijiti vidogo vya aina ya Gardnerella hupata 0 hadi 4, vilivyopinda 0 hadi 2. Jumla ya 0–3 ni kawaida, 4–6 ni katikati, 7–10 ni vaginosisi. Pasipo na rangi ya Gram, tumia vigezo vya Amsel, vitatu kati ya vinne: majimaji mepesi ya kijivu au meupe, pH zaidi ya 4.5, shombo ya samaki baada ya tone la KOH (hidroksidi ya potasiamu) ya 10%, na zaidi ya seli moja katika kila tano ikiwa imefunikwa na bakteria hadi kingo hazionekani.

Tiba ya kawaida ni metronidazoli mg 500 mara mbili kwa siku, siku 7, au krimu ya klindamaisini 2%, gramu 5 kila usiku, siku 7. Krimu hiyo ina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira. Hali hii hurudi mara nyingi, kwa hiyo slaidi ya miezi sita iliyopita haisemi chochote kuhusu leo.

Mwenye dalili atibiwe, hilo halina mjadala. Asiye na dalili ni suala jingine: jaribio la Denmark lililowapa klindamaisini wanawake wa IVF wenye bakteria wasio wa kawaida halikuongeza mimba. Ndiyo maana siungi mkono kuahirisha mzunguko wa mwanamke wa miaka 40 kwa sababu tu slaidi yake imepata alama 5.