Kalamu nyekundu kwanza: kuhakiki habari za gazeti la wanafunzi

Msomaji wa gazeti la wanafunzi mara nyingi alikuwepo. Aliketi kwenye mkutano huohuo unaouripoti, anamfahamu mwalimu uliyemnukuu, na jina la nahodha anajua linavyoandikwa. Ukikosea hapo hatakuja kulalamika. Atakupuuza tu siku utakapoandika jambo zito, tuseme matumizi ya fedha za ada. Kwa hiyo uhakiki mimi nauanzia kwenye vitu vidogo.

Chapisha rasimu kwenye karatasi, uache nafasi pana kati ya mistari. Kwa kalamu nyekundu pigia mstari kila jina, cheo, namba, tarehe na nukuu, kisha pembeni andika umeitoa wapi: dakika ya ngapi ya rekodi, ukurasa wa ngapi wa waraka. Kisicho na maelezo pembeni hakitoki. Kazi hii aifanye mtu mwingine, kwa sababu mwandishi husoma alichokusudia kuandika, halafu neno lililoruka halioni. Majina nayo yasiokotwe mitandaoni; mpe mhojiwa daftari aandike mwenyewe jina na cheo chake kabla hamjaanza kuongea.

Cheo kwenyewe nacho kinahitaji ushahidi. Mwaka 2017, wanafunzi wa gazeti la Booster Redux la sekondari moja ya Pittsburg, Kansas, Marekani, walikuwa wakiandika habari ya kumtambulisha mkuu mpya wa shule. Walipokifuatilia chuo alichosema kimempa shahada, hawakupata uthibitisho kwamba kinatambuliwa. Walichapisha walichokipata, na siku chache baadaye mkuu huyo akajiuzulu kabla hata hajaanza kazi. Hapakuwa na siri iliyovuja wala mtoa taarifa wa gizani. Walihakiki tu wasifu.

Kwenye namba ndiko tunakoumbuka zaidi. Chukua sentensi hii: “Asilimia 70 ya wanafunzi wanapinga ratiba mpya.” Ukifukua unakuta swali liliulizwa kwenye kundi moja la WhatsApp, wakajibu watu 40, na 28 kati yao wakasema hapana. Andika hivyo hivyo: wanafunzi 28 kati ya 40 waliojibu. Asilimia ya watu 40 waliojitokeza wenyewe haiwasemei maelfu ambao hawakuulizwa. Vilevile, ufaulu ukitoka asilimia 40 hadi 50, umepanda kwa pointi 10, ambayo ni ongezeko la asilimia 25. Zote mbili ni kweli, lakini “umeongezeka kwa asilimia 10” si kweli. Na umati usiukadirie kwa macho: pima eneo, kisha hesabu takriban mtu mmoja kwa kila mita ya mraba wakiwa wameachana, wawili wakikaribiana, wanne wakibanana.

Vyanzo vitatu vinavyosema kitu kimoja vinaweza kuwa chanzo kimoja. Muulize kila mmoja, “Wewe umejuaje?” Wote wakitaja ujumbe uleule uliosambazwa, bado una chanzo kimoja, tena huenda hakina mwenyewe. Rafiki yako wa bwenini akihusika, mwachie mwenzako aiandike habari hiyo.

Anayetuhumiwa apelekewe tuhuma zenyewe, moja moja, kwa maandishi, na muda wa kujibu utajwe. Saa 24 ni za chini kabisa kama hakuna dharura. “Una maoni gani?” si swali. Kuhusu kumsomea mhojiwa nukuu zake, wahariri hawakubaliani. Mimi naruhusu asomewe ili arekebishe ukweli, si ili alainishe alichokisema, na rasimu nzima haondoki nayo.

Kichwa cha habari na maelezo ya picha huandikwa mwisho, watu wamechoka, na kalamu nyekundu huwa imeshafunikwa. Vipitishe navyo.

Kosa likitoka, usifute kimyakimya, kwani picha ya skrini tayari iko kwenye simu ya mtu. Rekebisha habari, kisha juu yake weka maneno ya wazi: “Awali tuliandika kwamba bajeti ya maktaba imepunguzwa kwa nusu. Imepunguzwa kwa robo.” Ongeza tarehe. Usiandike “kulikuwa na hitilafu ndogo”, maana msomaji hajui ni ipi. Na kama kosa lilisambaa kupitia ukurasa wenu wa Instagram, sahihisho nalo lipelekwe hukohuko, si kwenye toleo la karatasi la mwezi ujao.