Wedharingi kwenye treni za modeli maana yake nini hasa?

Kuna watu wakiona treni ya modeli, yaani treni ndogo ya mfano wa ile ya kweli, imepakwa kutu na vumbi wanauliza, sasa umenunua kitu kipya kwa hela yote hiyo alafu unakichafua mwenyewe? Swali la haki kabisa. Wedharingi, ambayo mimi kwa Kiswahili naita kuchakaza, ni kuipa modeli zile alama ambazo jua, mvua, moshi, vumbi na kazi vingeiachia kama ingekuwa treni ya kweli. Yaani kila doa linakuwa na sababu yake, mtu akikuuliza hili limetoka wapi uwe na la kumjibu. Doa lisilo na jibu, hilo ndo uchafu.

Ngoja nichukue mfano ninaoupenda. Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa na vichwa vya mvuke vya daraja la 59, aina ya Garratt, yaani boila inakaa katikati na seti za magurudumu mbele na nyuma, vilitengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock kule Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956, jumla 34, vyote vikapewa majina ya milima ya huku kwetu, na kimoja kina uzito wa zaidi ya tani 250. Ukienda makumbusho ya reli pale Nairobi utamkuta Mount Gelai, namba 5918, simama karibu naye uone ukubwa wake. Rangi yao ilikuwa damu ya mzee. Ukipunguza hicho kichwa kwa kipimo cha HO, ambacho ni 1 kwa 87, unapata kitu cha kama sentimita 36 hivi, kinakaa mezani vizuri tu.

Sasa fikiria kazi yake: kinatoka Mombasa kwenye hewa ya chumvi, kinapanda kupita Voi na Tsavo kwenye ule udongo mwekundu ambao hata tembo wa kule wanaonekana wekundu, mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Njia yote hiyo inabaki mwilini. Vumbi jekundu linakaa chini kwenye magurudumu, kwenye ngazi na pembeni ya matenki, na likipanda juu linapungua. Masizi yanaanzia kwenye bomba la moshi yanalala juu ya boila kuelekea nyuma kwa sababu ndo upepo unakokwenda treni ikikimbia. Mistari myeupe kama chokaa inashuka kutoka kwenye valvu na viungio vya mabomba, ni maji yenye madini yanavuja, yanakauka, yanaacha chumvi. Vyuma virefu vinavyosukuma magurudumu havina kutu maana vinapakwa grisi kila siku, vinatakiwa ving'ae weusi weusi wenye mafuta. Na hapa ndo watu wengi wanateleza: hawa wa daraja la 59 walichoma mafuta mazito, sio makaa. Ukinyunyiza unga mweusi wa makaa kule nyuma kwa kuwa umeona wenzetu wa Uingereza wanafanya hivyo, umeweka doa la nchi nyingine. Hapo panatakiwa mchirizi mweusi unaong'aa kuzunguka kifuniko cha kujazia mafuta, basi.

Aliyewafungua watu macho sana kwenye hili ni Mmarekani anaitwa John Allen, alikuwa na leiauti kubwa, yaani reli ya modeli yenye stesheni na mandhari yake, nyumbani kwake Monterey, California, na enzi zile wengi wanapenda treni ziwe zinang'aa kama zimetoka dukani yeye alikuwa anazichakaza. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye leiauti ikaungua moto, lakini picha zake zipo na mpaka leo ukiziangalia unahisi hata kibanda kidogo cha modeli kimepigwa jua miaka 40.

Jinsi ya kufanya, mpangilio wake unafuata maisha ya kitu chenyewe, na hili ndo jambo moja ningeomba ulishike. Jua linapausha rangi kwanza, alafu mvua inachora michirizi, alafu kutu inaanza pale rangi ilipobanduka, na vumbi linakuja mwisho maana limeingia jana tu. Kwa hiyo na wewe anza kupausha: rangi ya behewa iliyochanganywa na nyeupe au kijivu kidogo, nyembamba sana, mwenye eabrashi, kile kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa, anapuliza, asiye nayo anapaka kwa brashi pana. Alafu changanya spiriti na wino mweusi matone machache tu, upake, iingie kwenye mifereji ya mbao na kuzunguka vichwa vya misumari, hiyo peke yake inaamsha behewa zima utashangaa. Kutu unaidonoa kwa sponji ndogo kwenye kona na chini ya milango, na mchirizi wake uvute chini siku zote, kutu haipandi juu. Vumbi ni chaki ya rangi, ile ya wachoraji, unaikwangua kwa wembe iwe unga unapaka kwa brashi laini. Ukishamaliza unapuliza vanishi isiyong'aa ili vidole visiifute, lakini vanishi inameza chaki, nusu ya vumbi lako linapotea machoni. Mimi behewa la kwanza nililipaka jioni nzima, nikapulizia, asubuhi naona halina kitu. Siku hizi naweka vumbi zito kuliko ninavyotaka, au napuliza kwanza alafu napaka vumbi la mwisho na silifuniki.

Kuhusu rangi, usitumie nyeusi tupu. Ukiwa umbali wa mita 1 kutoka kwenye modeli ya HO ni kama uko mita 87 kutoka kwenye treni ya kweli, na kitu cheusi kwa umbali huo macho yanakiona kijivu kizito. Nyeusi ya kopo inaifanya treni ionekane toi hata ukichakaza vipi.

Leiauti nayo inachakazwa, wengi wanasahau wanahangaika na vichwa tu. Reli, pembeni paka kahawia ya kutu lakini juu pale gurudumu linapopita pawe safi panang'aa, kwanza ndo ilivyo kwa kweli na pili umeme unapita hapo, ukipaacha na rangi treni inasimama. Mataruma ya mbao yanakuwa kijivu yakizeeka, sio kahawia ya dukani. Paa la mabati la stesheni linaanza kutu kwenye misumari na pale bati linapolala juu ya lingine, kwa hiyo madoa yako yaende kwa mistari iliyonyooka. Udongo mimi natumia udongo wenyewe wa Voi, hakuna rangi ya kopo inayoufikia. Unaukausha kwenye oveni wadudu wafe, unauchekecha kwa chujio la chai, alafu, tafadhali usiruke hapa, unapitisha sumaku mara kadhaa maana chembe zenye chuma zikibaki zinarukia mota ya kichwa na kuila. Unaumwaga, unaulowesha kwa spiriti, unadondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu na tone la sabuni ya vyombo. Gundi inaufanya uwe mweusi kidogo ukikauka, basi rushia unga mkavu mwepesi juu.

Swali linalobaki ni kiasi gani, na jibu liko kwenye mwaka unaouigiza. Mount Gelai wa 1956 alikuwa mpya, vumbi tu miguuni. Miaka ya 70 vichwa hivi vilishachoka. Na kilichosimama bila kazi kina uchakavu mwingine kabisa, grisi imekauka, kutu imeingia mpaka kwenye vile vyuma vya kusukumia. Ukichanganya hizo hali kwenye kichwa kimoja mtu anayejua anaona hata kama hawezi kueleza. Kwa hiyo tafuta picha ya mwaka wako, iweke mezani, fuata hiyo, usifuate kichwa chako.

Na ukifika kwenye mabehewa ya mizigo, lowesha pamba ya masikio kwa spiriti ufute vumbi juu ya namba ya behewa, hapo tu. Kwenye reli nyingi karani wa yadi alikuwa anapita na daftari lake anaifuta namba kwa kitambaa ili aisome, kwa hiyo behewa lote chafu, namba safi.