Je, wajua? Mcuba huyu alicheza ligi kuu ya besiboli mechi 60, au sifuri

Nilipoona takwimu za Esteban Bellán kwa mara ya kwanza, nilimhurumia. Misimu mitatu Marekani, 1871 hadi 1873, na mechi 60 tu! Timu ya leo hucheza 162 kwa msimu mmoja. Nikajisemea, huyu alikuwa wa benchi.

Nilikosea, tena vibaya. Bellán, mzaliwa wa Havana aliyejifunza besiboli akisoma New York, alikuwa mlinzi wa kituo cha tatu wa Haymakers, timu ya mji wa Troy. Mwaka 1871 Haymakers walicheza mechi 29 za ligi, naye alicheza zote 29. Mwaka uliofuata walicheza 25, akakosa mbili. Kilichokuwa kifupi ni ligi, si mchezaji.

Ligi ile, ya kwanza ya kulipwa nchini humo, haikuwa na ratiba. Chukua mashindano ya mtaani, kisha mwondoe katibu. Unalipa kiingilio (wao dola 10), halafu mpinzani, siku na uwanja unavitafuta mwenyewe. Nauli ni juu yako. Wa mbali akipiga hesabu akaona safari hailipi, haji, na hakuna wa kumpiga faini. Mapato ya getini yakikauka, mnafunga duka hata kama mmeshinda mechi nyingi kuliko mlizofungwa. Haymakers walishinda 15 na kufungwa 10 mwaka 1872, wakafunga katikati ya msimu.

Nikiri jambo moja: mwaka 1873, akiwa na Mutuals wa New York, Bellán alicheza nane tu kati ya 53. Hapo neno langu la benchi silifuti lote.

Kioja kilikuja 1969. Kamati ya kumbukumbu za besiboli iliamua kwamba ligi ile, kwa sababu ya ratiba hiyohiyo ya ovyo, haikuwa ligi kuu. Kwa hesabu hiyo Bellán hana hata mechi moja, na sifa ya kuwa Wacuba wa kwanza katika ligi kuu kwa kawaida hupewa Rafael Almeida na Armando Marsans, walioanza na Cincinnati Julai 4, 1911.

Bellán mwenyewe alikuwa amesharudi kwao zamani. Desemba 27, 1874, mjini Matanzas, timu yake ya Habana iliwafunga wenyeji 51 kwa 9, na inasimuliwa kwamba mara tatu alipiga mpira akazunguka vituo vyote.