Je, wajua? Si kila mshtuko wa kifafa humwangusha mtu

Kifafa kikitajwa, wengi hufikiria mtu aliyeanguka, mwili umekakamaa, povu mdomoni. Hiyo ni sura moja tu. Kuna mshtuko wa mtoto kuzubaa sekunde kumi kisha akaendelea kusoma, wa mkono mmoja kurukaruka, na hata wa kusikia harufu ambayo wengine hawaisikii. Daktari hutofautishaje, ilhali mara nyingi mshtuko ulitokea yeye hayupo?

Huanza kwa kuuliza ulianzaje. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme, na mshtuko hutokea kundi kubwa la seli hizo linapofyatua umeme kwa pamoja kupita kiasi. Fujo hiyo ikianzia eneo moja, huitwa mshtuko wa sehemu. Ikishika pande zote mbili tangu mwanzo, ni mshtuko wa ubongo mzima.

Mshtuko wa sehemu hujitangaza kulingana na mahali ulipoanzia. Ukianzia panapoongoza misuli, kidole gumba huweza kuchezacheza, kisha kiganja, mkono, hadi uso. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alieleza safari hiyo katika karne ya 19. Ukianzia nyuma ya kichwa, mtu huona mimeto ya rangi. Ukianzia upande wa ndani karibu na sikio, kitu hupanda kutoka tumboni hadi kooni, au mtu huhisi kwamba jambo linalotokea sasa lilishamtokea zamani. Wengi huziona hizi kuwa dalili za kutangulia tu, kumbe mshtuko wenyewe umeshaanza. Ukisambaa pande zote mbili, mtu huanguka, na aliyechelewa kufika huapa kwamba ulikuwa wa ubongo mzima.

Panapochanganya zaidi ni kuzubaa. Kuna kuzubaa kwa ubongo mzima, ambako huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 10: hukatika katikati ya sentensi, kwa kawaida chini ya sekunde 20, kisha hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea, pengine mara nyingi kwa siku. Mwalimu hudhani mtoto anaota mchana, lakini mwenye mawazo ukimgusa huzinduka. Kuzubaa kwa mshtuko wa sehemu huchukua kama nusu dakika hadi dakika mbili. Mtu hutafunatafuna, hupapasa nguo, na baadaye hubaki amechanganyikiwa. Daktari huweza kumwambia mtoto apumue kwa nguvu kwa dakika tatu hivi, na ile aina ya kwanza mara nyingi hujitokeza pale pale. Tofauti hii inagusa matibabu: dawa ya kabamazepini husaidia mishtuko ya sehemu, lakini inaweza kuzidisha ile ya kuzubaa ya ubongo mzima.

Aina nyingine ni fupi mno. Kijana anarusha mswaki asubuhi kwa sababu mikono imeshtuka ghafla. Familia haisemi, na asipoulizwa haijulikani. Mwingine misuli hulegea akadondoka. Mtoto mchanga anayejikunja mara kwa mara kwa mfululizo, hasa akiamka, apelekwe hospitali bila kungoja.

Ule mkubwa unaojulikana huanza kwa kukakamaa, kisha viungo hutupwatupwa, kwa kawaida dakika 1 hadi 3. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ukipita dakika 5, ni dharura.

Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, lakini kinaweza kutoka safi kabisa mtu akiwa na kifafa. Ndiyo maana video ya simu ina thamani kubwa kliniki. Mgonjwa akishakuwa salama, rekodi uso na mikono yote miwili, mwite jina, mwambie ainue mkono, na usizime hadi ajibu. Mwanzo usipoingia kwenye video, andika upande uliotangulia kutikisika.