Muhogo, chumvi na gliserini: umeme unapitaje ndani ya utando wa wanga

Ukipika uji wa muhogo halafu ukaacha sufuria bila kuosha, asubuhi utakuta kautando kamekauka pembeni, kanameta kidogo, ukikakunja kanavunjika. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Lubumbashi na kale kautando njo kazi yangu ya kila siku mu labo, basi naomba wamama, wababa na wanafunzi munisikilize kidogo juu watu wananiuliza sana kama ni kweli muhogo unaweza kutengeneza batri.

Muhogo peke yake hapana. Batri iko na ncha mbili na kitu cha katikati. Kobalti yetu ya Kolwezi, ile inapita hapa kwenye malori kwenda Kasumbalesa, inaingia kwenye ncha chanya, na wanga wa muhogo hauchukui nafasi yake hata kidogo, mtu asiwadanganye. Wanga unakuja pale katikati, kwenye elektroliti. Kazi ya elektroliti ni kuacha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zipite na kukatalia elektroni, ili elektroni zizunguke nje kwa waya ziwashe telefone yako. Mu batri ya telefone pale katikati kuna kimiminika chenye kushika moto haraka, njo maana batri ikivimba usiitoboe, usiipige, usiendelee kuichaji.

Wazo la kuweka kitu kikavu pale katikati ni la zamani. Mwaka 1973 Peter Wright na wenzake kule Sheffield, Uingereza, waliandika kuhusu polima moja (molekuli ndefu kama mnyororo) ya kiwandani iliyochanganywa na chumvi, na mwaka 1978 Michel Armand wa Ufaransa akasema hii inaweza kuwa elektroliti ya batri. Kisha watu wakaanza kujaribu polima za asili: wanga, selulosi ya miti, kitosani ya maganda ya kamba na kaa, karajinani ya mwani.

Sasa tuingie ndani ya utando wenyewe. Wanga mkavu bila chumvi karibu haupitishi kitu, upitishaji wake ni sehemu moja ya bilioni ya siemensi kwa sentimita (kipimo cha umeme unavyopita kwa urahisi) ama chini zaidi. Ukitia chumvi, kwa mfano ya litiamu ama ya amonia, inavunjika kuwa ioni chanya na hasi, na zile chanya zinashikwa na oksijeni zilizo kwenye mnyororo wa wanga. Hapo zipo, lakini kutembea ni shida. Umeshaona watu wakijenga nyumba wanavyopitishiana matofali mkono kwa mkono? Tofali haliruki, linapokelewa na mtu anayegeuka na kumpa mwenzake. Ioni njo inatembea vile, kipande cha mnyororo kinacheza kidogo, kinaikabidhi kwa kipande cha jirani. Wanga mkavu ni sawa na watu wenye mikono migumu, minyororo imekamatana yenyewe kwa yenyewe, haichezi.

Gliserini inakuja kulegeza. Ni ile ile ya duka la dawa, ile inazaliwa pia wakati mafuta ya mawese na soda kali vinageuka sabuni. Molekuli yake ni ndogo, inajipenyeza katikati ya minyororo, inashikana nayo mahali ambapo zilikuwa zinashikana zenyewe, na utando unakuwa laini, unakunjika bila kuvunjika. Inasaidia pia chumvi kuachana vizuri. Kwa hiyo idadi ya ioni zilizo huru inapanda na mwendo wao unapanda, na upitishaji ni hivyo viwili vikizidishwa pamoja na chaji ya kila ioni. Utando mzuri unafika siemensi 0.0001 kwa sentimita, tando chache zinafika 0.001, wakati kimiminika cha batri ya telefone kiko karibu 0.01.

Lakini usifikiri ukizidisha ndio bora. Chumvi ikizidi, ioni chanya na hasi zinashikana mbili mbili, zile hazibebi umeme tena, na namba inashuka. Gliserini ikizidi utando unanata kama asali, unatoa jasho, haushiki umbo.

Kupima tunabana utando kati ya visahani viwili vya chuma, tunatuma umeme wa kwenda na kurudi, juu ule wa upande mmoja unarundika ioni kwenye visahani na kudanganya kipimo. Ukipata ukinzani wa omu 50, unene wa utando ni sentimita 0.01 na eneo ni sentimita mraba 2, unazidisha kwanza ukinzani mara eneo, kisha unagawanya unene kwa jibu hilo, unapata siemensi 0.0001 kwa sentimita. Hesabu ya mtoto wa sekondari.

Shida inayoniumiza kichwa ni maji. Wanga unapenda maji, gliserini inayapenda zaidi, inayavuta kutoka hewani, na maji nayo yanalegeza minyororo na kubeba ioni. Mwezi wa 1, mvua inanyesha hapa kila siku, utando unatupa namba ya kufurahisha. Mwezi wa 7 hewa imekauka, tunapima kipande cha utando uleule na namba imeanguka vibaya. Wanafunzi walidhani wameharibu kitu, kumbe mwezi wa 1 walikuwa wanapima mvua! Na maji haya ni hatari kwa batri ya litiamu, tena yanaanza kuvunjika kuwa gesi karibu volti 1.23, kwa hiyo tando hizi kwa sasa naziona kwenye kapasita kubwa (vifaa vinavyoweka umeme na kuutoa haraka) na batri ndogo za zinki kuliko kwenye telefone.

Siku hizi tunafungia vipande kwenye chombo chenye vijiwe vya kukausha kabla ya kupima, na kila namba inaandikwa na unyevu wa hewa wa siku ile pembeni. Isiyo na unyevu pembeni tunaifuta, hata kama ni nzuri.