Taa za picha kwa laki sita: yanayosemwa na yalivyo kweli

Mpiga picha aliye na kamera na lenzi, akabakiza laki sita za Tanzania kwa ajili ya taa, anaweza kutengeneza seti ya kupigia picha za pasipoti, za familia, za bidhaa na hata za harusi ndogo. Wengi hukwama kwa sababu fedha huishia kwenye idadi ya taa, wakati kinachobadilisha picha ni ukubwa wa chanzo cha mwanga na mahali kilipowekwa.

Tunapendekeza mgawanyo huu: laki mbili na elfu kumi kwa flashi moja ya betri isiyo na TTL (mfumo wa flashi kujipimia mwanga yenyewe kupitia lenzi), laki moja na nusu kwa trigga, yaani kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali, laki moja na ishirini kwa stendi, kiungo cha kushikia flashi na mwavuli mweupe wa sentimita 100 hadi 110. Elfu sabini ziende kwenye betri nane za kuchaji na chaja, na elfu hamsini zilizobaki kwenye rifleka (ubao wa kurudisha mwanga), gundi ya utepe na mfuko wa kubebea. Bei hupanda na kushuka kulingana na duka, kwa hiyo shika uwiano kuliko tarakimu.

"Boksi lenye taa tatu za LED ni nafuu kuliko flashi moja"

Kwa video, LED ndiyo chaguo sahihi. Kwa picha mnato, piga hesabu kwanza. Taa ya wati 60 halisi, shata ikiwa 1/60 ya sekunde, hutumia joule 1 tu ya umeme katika muda huo. Flashi ndogo ya betri hutupa takriban joule 60 kwa mpigo mmoja. Hata tukizingatia kwamba LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, pengo linalobaki ni kama stopu nne (kila stopu ni mwanga mara mbili). Utalifidia kwa kupandisha ISO na kufungua lenzi yote, na mtoto akigeuza kichwa picha imeshaharibika.

Halafu kuna maandishi ya kwenye boksi. Taa iliyoandikwa "800W" mara nyingi haivuti wati 800. Geuza adapta yake usome. Volti 12 kwa ampea 2 ni wati 24, na taa haiwezi kupata zaidi ya hapo hata boksi liseme nini.

"Kifuniko cheupe cha plastiki hulainisha mwanga"

Ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa chanzo ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa mtu. Kifuniko kinachovaliwa kwenye kichwa cha flashi kina upana wa sentimita chache, kwa hiyo kivuli cha pua kitabaki kikali vilevile. Ndani ya chumba chenye dari na kuta nyeupe huonekana kusaidia, lakini kazi inafanywa na kuta. Uwanjani hakuna ukuta, na kifuniko hicho kinakula nguvu ya flashi bure.

Mwavuli wa sentimita 110 ukiwa mita 1 hadi 1.5 kutoka usoni hutoa mwanga laini kweli. Uupeleke mita 4 na utaanza kuwa mkali, kwa sababu machoni pa mhusika umekuwa mdogo. Kichwa cha flashi kiweke kwenye zumu ya milimita 24 au 35 ili mwanga ujaze kitambaa chote. Ukikiacha kwenye 105, unatumia katikati ya mwavuli tu na fedha ya ukubwa wake umeitupa.

Kuna hali moja ambapo taa inafaa kusogezwa mbali, nayo ni kundi la watu. Mwanga hupungua mara nne kila umbali unapoongezeka maradufu. Mstari wa mbele ukiwa mita 1 kutoka kwenye taa na wa nyuma mita 2, tofauti ni stopu mbili nzima, na wa nyuma wataonekana gizani. Taa ikikaa mita 4 kutoka mstari wa mbele na 5 kutoka wa nyuma, tofauti inashuka hadi kama theluthi mbili za stopu.

"Ngozi nyeusi inataka taa kali na nyingi"

Hii ndiyo dhana inayoharibu picha nyingi zaidi kwetu, na inauma kuona bi harusi akitolewa rangi isiyo yake. Kamera ikipima uso mweusi uliojaza fremu hudhani kuna giza, nayo huongeza mwanga mpaka ngozi ififie na shela iungue, yaani iwe nyeupe tupu. Mpigaji akizidisha flashi juu ya hapo, kosa linakuwa kubwa zaidi.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Taa ndogo kali hutengeneza doa jeupe kwenye paji la uso na ncha ya pua. Chanzo kikubwa hutandaza mng'ao huohuo taratibu juu ya shavu na taya, na rangi halisi inabaki. Weka mwavuli pembeni, nyuzi 45 hivi, juu kidogo ya usawa wa macho. Upande wa pili simamisha kipande cha povu jeupe linalokuja na maboksi ya televisheni. Nalo halina gharama. Kisha sogeza mwavuli kidogokidogo kuelekea pembeni huku ukitazama mfupa wa shavu, na simama pale mng'ao unapoufuata mfupa. Paji likiwa na jasho, lifute kwa tishu kabla ya kugusa nguvu ya taa. Nywele nyeusi na suti nyeusi zikipotea kwenye pazia jeusi, badilisha pazia.

"Bila TTL huwezi kupiga harusi"

TTL hupima upya kila picha. Shela likijaza fremu inapunguza mwanga, suti nyeusi ikijaza inaongeza, na unarudi nyumbani na picha mia zenye mwanga tofauti. Ukiweka nguvu kwa mkono, na umbali wa taa usipobadilika, mwanga haubadiliki. Anza na ISO 100, f/5.6, shata 1/160, flashi kwenye 1/4 ya nguvu yake, mwavuli mita 1.5. Rekebisha nguvu hatua moja moja. Shata ikipita 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, utepe mweusi utaanza kukata picha. HSS, yaani hali ya flashi kufuata shata ya kasi, inauondoa utepe huo, ila kwa kupoteza nguvu nyingi. Jua la saa sita mchana ni bora umhamishie mhusika kivulini.

"Trigga yoyote itafanya kazi"

Haifanyi. Chagua familia moja ya vifaa kwanza, mfano mfumo wa redio wa Godox, kisha nunua trigga iliyotengenezewa kamera yako: ya Canon, Nikon na Sony hazibadilishani. Kutegemea jicho la flashi linaloitikia mwanga wa flashi nyingine ni hatari ukumbini, maana kila mgeni mwenye kamera atakuwa anaiwasha yako.

Betri za alkali za volti 1.5 zinaonekana zina nguvu kuliko za kuchaji za 1.2, lakini hukawia kuijaza flashi kadiri zinavyochoka. Za NiMH (aina ya betri za kuchaji) zenye ujazo wa mAh 2000 na zaidi hujaza haraka. Usichanganye za zamani na mpya.

Stendi nyepesi si tatizo; tatizo ni kutoifunga uzito. Ning'iniza dumu la lita 5 la maji kwenye sehemu ya chini, hizo ni kilo 5. Nje kwenye upepo, mtu aishike.

"Flashi ya zamani ni dili"

Inaweza kuwa, ikipimwa. Baadhi ya flashi za Vivitar 283 za mwanzo zina volti zaidi ya 200 kwenye mguu unaochomekwa kwenye kamera, na kamera ya kidijitali inaweza kufa kwa hizo. Washa flashi, isubiri ijae, weka multimita kwenye DC, waya mmoja kwenye pini ya katikati na mwingine kwenye bati la pembeni. Ikizidi volti 6, usiichomeke juu ya kamera yako mpaka uwe umesoma kikomo cha kamera hiyo kwenye mwongozo wake. Fungua pia sehemu ya betri utafute kutu ya kijani, tazama kama tyubu ya mwanga imeungua nyeusi, kisha iwashe flashi kwa nguvu yote mara kumi mfululizo palepale dukani kabla ya kutoa fedha.