Kisa cha Demeter: Hadithi Ilikuwa Huru, Ibada Ilikuwa na Sheria

Tangu kampeni ya usomaji ianze mashuleni, idara yetu imepokea malalamiko ya aina mbili kuhusu visasili vya Wagiriki wa kale. Wazazi wengine wanahofia watoto wanafundishwa kuabudu miungu ya kigeni. Wengine wanaviona ni hekaya za kupoteza muda. Kwa hao wa kwanza, ieleweke kwamba maelezo haya ni ya kielimu na hayahamasishi imani yoyote. Hao wa pili tunawaomba wasome kwanza.

Hades, mungu wa kuzimu, alimnyakua Persephone, binti wa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, wakati binti huyo akichuma maua. Zeus, mkuu wa miungu na baba wa binti, alikuwa ameridhia; mama hakuulizwa, wala binti mwenyewe. Msomaji wa leo huona utekaji tu. Mwathene wa kale aliiona na ndoa humo, kwani posa kisheria ilikuwa makubaliano kati ya baba na mchumba, na msichana wa miaka kama 14 alihamishiwa kwa mume bila ridhaa yake kuhitajika. Kisasili hakiupingi utaratibu huo waziwazi. Kinampa mama hasira, na hasira hiyo inazuia nafaka kuota hadi Zeus anasalimu amri na binti anarudishwa, ingawa kila mwaka hurudi kuzimu kwa muda. Sheria za Athens hazikumpa mama nguvu ya namna hiyo.

Hapa tusahihishe tena kosa la mtandaoni: Persephone hakai kuzimu miezi 6. Hiyo ni ya Ovid, mshairi wa Kirumi. Utenzi wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, wa karne ya 7 au ya 6 KK, unasema theluthi ya mwaka, kwa sababu alikula punje ya komamanga. Muhtasari wa mtandaoni si chanzo.

Katika utenzi huo Demeter anafika Eleusis, mji ulio karibu na Athens, akiwa amejigeuza kikongwe. Anakataa divai, anaomba shayiri iliyokorogwa kwa maji na mnanaa, kitu kama uji mwepesi. Waliotaka kuingizwa katika ibada ya siri ya Eleusis nao walifunga, kisha wakanywa kinywaji hichohicho.

Utaratibu wa ibada hiyo ulikuwa hivi. Mwezi wa Boedromion, takriban Septemba, tangazo lilitolewa Athens: mwenye damu ya mtu mikononi, na asiyejua Kigiriki, asikaribie. Wanawake waliruhusiwa, na watumwa pia, katika mji ambao haukuwapa kura. Mwombaji alioga baharini pamoja na mtoto wake wa nguruwe, akamtoa sadaka, na siku chache baadaye msafara ukashika njia ya Eleusis, kilomita 20 hivi. Siri yenyewe ilikuwa nini? Tunaulizwa sana. Walioijua waliitunza.

Walikuwa na sababu ya kuitunza, maana kuifichua adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 415 KK Alcibiades, jemadari na mwanasiasa wa Athens, alishtakiwa kwa kuiigiza ibada hiyo kwa mzaha nyumbani. Alitoroka, akahukumiwa kifo bila kuwepo, mali yake ikanadiwa. Vipande vya mawe yenye orodha za mnada huo vipo hadi leo. Karibu mwaka 200 KK vijana 2 wa Acarnania, eneo la magharibi mwa Ugiriki, waliingia hekaluni na umati bila kujua, wakajulikana kwa maswali yao ya ajabu. Ilikuwa dhahiri wameingia kwa bahati mbaya. Waliuawa hata hivyo, na watu wa Acarnania wakaivamia Attica, eneo la Athens, kulipiza kisasi.

Kwa hiyo swali la kama Wagiriki "waliamini kweli" haliwafai sana. Hawakuwa na kitabu kitakatifu kimoja. Mshairi aliweza kubadili kisa, akaongeza mtoto au akaondoa mauaji, na asiitwe mahakamani. Lakini Aeschylus, mwandishi wa tamthilia wa Athens, aliyedhaniwa amegusa mambo ya Eleusis katika tamthilia, alilazimika kujitetea kwamba hakujua ni siri.

Walimu watumie tafsiri kamili ya utenzi. Una mistari 495 na unasomeka kwa vipindi viwili. Sehemu ya utekaji isomwe na mwalimu mwenyewe, na wazazi waarifiwe kabla.